Ukurasa wa Mikono

Nilibadilisha nne ikawa arobaini na nne, na sikumwambia mtu. Naanza na hilo kwa sababu nikiliacha hadi katikati nitapata njia ya kulizunguka. Najijua. Mimi ni mtu wa kufuta sentensi mara kumi ili nionekane sijawahi kuikosea.

Wazazi wangu walitoka Ukambani wakaja Kitengela kutafuta kazi ya mshahara, na baba akaipata kwenye machimbo ya mawe. Nilikua miaka ya tisini katika chumba cha mabati. Nyumbu walipita nyuma ya choo chetu wakielekea malishoni, kabla ploti hazijazungushiwa nyaya. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama zilizowasikitisha wazazi kwa uzuri wake: zilitosha kuitwa chuoni, na nyumbani hakukuwa na cha kunipeleka. Nikaenda kufanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mali ya mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kiambu.

Duka lilikuwa na kompyuta moja, na hakuna aliyenifundisha kuitumia. Nilibonyeza kitufe cha msaada nikasoma kurasa zake zote, moja baada ya nyingine, jinsi mama alivyosoma Zaburi. Nilijua njia tatu za kuchora jedwali kabla sijajua kutuma barua pepe. Nilipima pambizo kwa rula juu ya kioo. Barua ya mteja ikimwaga mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa pili, niliichapa upya bila kuombwa.

"Wewe," mama mwenye duka alikuwa akiniambia, "huyu mzee anataka barua ya chifu, hataki katiba. Toa karatasi aende."

Nilitoa, lakini rohoni niliumia. Mtu akiniona alidhani napenda usafi wa kazi. Kilichokuwa chini yake ni woga. Aliyesoma akikosea, watu husema ameteleza. Mimi nisiye na cheti nikikosea, nilijua watasema ndivyo nilivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaingia dukani mwanamke mmoja wa makamo, mtu wa Machakos, miwani mizito, mkononi katoni ya maziwa iliyojaa karatasi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ametunza maktaba ya chuo kwa miaka mingi, na sasa alikuwa mratibu wa kituo kidogo cha chuo kimoja mjini Kajiado. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya kukodi nyuma ya shule. Wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi waliokuwa wakisomea digrii polepole: walikuja likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na miezi mingine walisoma wenyewe makwao. Ndani ya katoni mlikuwa na maandishi ya wahadhiri, mengine ya taipureta, mengine ya mkono.

"Hii kazi inaweza kuisha lini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekwisha kuzifunua. "Sijui. Lakini ukurasa wa thelathini na moja haiko."

"Gani?"

"Hii ya upimaji wa wanafunzi. Inatoka thelathini inaingia thelathini na mbili."

Akavua miwani, akaifuta, akahesabu mwenyewe mara mbili. "Nimebeba hizi karatasi mwaka mzima," akasema. "Umesomea wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa hiki kiti."

Mama mwenye duka akacheka. "Usimchukue, utajuta. Huyu hata risiti anataka iwe na pambizo."

Alinichukua, kwa miezi sita ya majaribio. Nilihamia Kajiado na begi moja na rula yangu.

Kituo kilikuwa na kompyuta moja kuukuu aliyoiita ghala. Sikuelewa neno hilo mpaka nilipomwona akifanya kazi. Wakati ule mhadhiri alikuwa na maandishi yake, yamekuwa ya manjano, na aliyasoma kwa sauti huku darasa likinakili. Akistaafu aliondoka nayo. Anayemfuata alianza upya, kama kwamba hapakuwahi kufundishwa kitu. Mratibu hakuweza kulivumilia hilo. Alikuwa ameandika barua ya aya moja, akawazungukia wahadhiri mmoja mmoja waitie sahihi: kwamba somo hili liwekwe ghalani, na mwalimu yeyote aruhusiwe kulichukua, kulinakili, kulikata, kuliongeza na kulipitisha kwa mwingine.

Wengine walikataa. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Mama, nikiwapa hizi, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na jina kwa watu ambao hutawahi kuwaona," akamjibu.

Mhadhiri yule aliisoma barua tena, akaomba kalamu.

Halafu alinifundisha kukata. "Usiniletee mkungu," alisema. "Niletee ndizi moja moja." Kila moduli tuliigawa katika masomo madogo, kila moja likiwa na kichwa chake, mfano wake na zoezi lake, lisimame peke yake. Somo la wastani tuliliandika mara moja. Likatumika katika upimaji wa wanafunzi, likatumika katika jiografia kwa mvua, likatumika katika kozi ya afya ya jamii. Siku niliyoliona somo lile lile limekaa katika folda tatu, nilizifungua zote tatu. Niliona tangi moja linavyoweza kupeleka maji kwenye mifereji mitatu, na hakuna mfereji unaomnyang'anya mwenzake.

Na alikuwa na sharti moja. Ukurasa wa mwisho wa kila somo ulikuwa jedwali la safu nne: nani, kazi yake, lini, na amebadilisha nini. Yeye aliuita ukurasa wa mikono. Mkono ukigusa somo, uandikwe.

"Hata nikiongeza koma?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Koma achana nayo," akasema. Akafikiri. "Lakini ukianza kujiuliza kama ni koma, andika."

Nilimpenda mama yule kwa namna ambayo ilinitisha. Nilitaka asione kosa langu hata moja kabla ya miezi sita kuisha.

Sasa nifike kwenye ile nne. Katika yale maandishi ya upimaji, ukurasa wa thelathini, palikuwa na mfano wa watoto tisa na alama zao za mtihani. Yalikuwa ya mhadhiri mzee, mkono unatetemeka, na yalikuwa ya Kiingereza kama mengine yote. Alama zilikuwa arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na saba, arobaini na nane, arobaini na tisa. Mmoja alikuwa na hamsini na tano. Na katikati ya orodha, peke yake, palikuwa na nne. Nne tu. Nilijua mara moja kwamba mzee amesahau tarakimu. Nikaandika arobaini na nne.

Chini yake alikuwa ameandika kwamba wastani wao ni arobaini na mbili. Nikapiga hesabu. Ikanijia arobaini na sita nukta nne. Masikini mzee, nikasema, amechoka. Nikarekebisha na jibu. Ukurasa wa thelathini na moja, ambao pengine ungenizuia, ndio ule uliopotea, na mzee mwenyewe hakuupata kwake. Ukurasa wa thelathini na mbili ulianza hivi: kwa sababu hiyo, mwalimu asitegemee wastani peke yake, atazame pia nambari iliyo katikati. Nikauchapa. Sikujiuliza ni sababu ipi. Nilikuwa nimeshughulika na pambizo.

Kwenye ukurasa wa mikono sikuandika kitu. Nakumbuka sababu yangu vizuri: mtu anayesahihisha kosa hajabadilisha, amesafisha tu.

Aprili ilipokwisha walimu waliondoka na CD, moja kwa kila kikundi. Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu, na ungeweza kuchemsha chai na kuinywa kabla faili moja haijafika, kwa hiyo ghala letu lilisafiri mifukoni. Moja ilikwenda Magadi. Kikundi cha huko kilikutana Jumamosi nyumbani kwa mwenzao ambaye mumewe alikuwa fundi kiwandani na alikuwa na kompyuta. Walianza alfajiri kwa sababu ya joto.

Mwezi wa saba kiongozi wa kikundi hicho, mwalimu Mmaasai, mrefu, mwenye kicheko cha karibu, alikuja Kajiado kuleta fomu. Mratibu alikuwa amekwenda kula.

"Takwenya," akanisalimu mlangoni.

"Iko," nikaitikia kwa Kimaasai.

"Mwalimu wa kompyuta, wewe umetushinda."

Nikasimama. "Kwa nini?"

"Hiyo somo ya wastani. Inasema kwa sababu hiyo, usitegemee wastani peke yake. Sisi tukaulizana, sababu gani? Wastani ni arobaini na sita nukta nne. Ya katikati ni arobaini na sita. Hizo si ni mapacha? Tumekaa tangu saa kumi na mbili, miguu kwa karai ya maji, mpaka jua ikatufukuza. Jumamosi mbili!"

"Labda maelezo hayajatosha," nikasema.

"Hapana, usitutetee. Sisi ni watu wa ziwa la magadi. Akili ishakauka." Akacheka, akaweka fomu mezani. "Lakini mtihani ni mwezi ujao. Utuangalilie."

Alipotoka nilifungua kabati nikatoa karatasi za mzee. Ile nne ilikuwa pale, haijatetemeka hata kidogo. Chini yake arobaini na mbili, imepigiwa mstari mara mbili. Nikahesabu upya, safari hii nikiwa na nne. Ikatoka arobaini na mbili kamili.

Mzee hakuwa amekosea. Alikuwa na mtoto mmoja aliyepata nne, na mtoto huyo mmoja alivuta wastani wa darasa chini mpaka watoto saba kati ya tisa wakaonekana wako juu ya wastani. Hiyo ndiyo sababu. Hilo ndilo lililokuwa somo. Mimi nilikuwa nimemwondoa yule mtoto kwa sababu aliharibu sura ya safu.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Nne mahali pake, arobaini na mbili mahali pake, hifadhi, funga. Kishale kilikuwa kimekaa juu ya ukurasa wa mikono, kinawaka na kuzima. Nikakitazama. Kisha nikafunga faili. Nilijiambia ni koma.

Mratibu aliporudi aliniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia mwalimu wa Magadi ameleta fomu.

Zilinibakia wiki tatu za majaribio. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilipanga folda upya, nikaweka nambari mpya kwenye kila somo, nikasahihisha vichwa vyote viwe na ukubwa mmoja. Mratibu alinisifu mbele ya mlinzi, akasema hajawahi kuona kazi safi hivyo. Nilikwenda chooni nikakaa huko. Kila jioni nilijipa hoja mpya: faili ghalani ni sahihi, walimu watapewa CD mpya Agosti, nani atalinganisha? Na kila asubuhi niliwaona watu wenye miguu ndani ya karai, wakijiita wajinga kwa sababu yangu.

Agosti walimu wakaja. Siku ya kwanza, wakati wa chai ya saa nne, alinifuata mwalimu mmoja mwanamke anayefundisha Oltepesi. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mfupi, mpole, na alikumbatia daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Dada, nilitaka nikushukuru," akasema. "Kwetu hakuna stima, na tuko wanne. Kwa hivyo mimi nilikuwa naenda Magadi Jumamosi, naandika kutoka kwa kompyuta, halafu wale wengine wanasoma kwangu." Akafungua daftari. "Nimeandika yote. Nimejaribu kuandika vile wewe umeandika. Hata mistari."

Alikuwa amenakili moduli nzima kwa mkono. Kurasa na kurasa, wino wa buluu, vichwa vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Majedwali alikuwa ameyachora kwa rula, na pambizo zake zilikuwa sawa na zangu. Sijaona kazi nzuri kama ile, kabla wala baada. Nilifunua polepole kwa sababu nilijua ninakokwenda. Mfano wa watoto tisa. Arobaini na nne, imeandikwa kwa makini, kila tarakimu imekaa katikati ya kisanduku chake. Pembeni, kwa penseli, ameandika: *Sielewi. Nirudie.* Chini yake, kwa penseli tena: *Nimerudia. Sielewi.*

"Hapo ndio mimi ni mzito," akasema kwa aibu, akitaka kufunua ukurasa.

Nikamwomba daftari kwa dakika tano.

Mratibu alikuwa ofisini akihesabu karatasi za mtihani. Nikaweka daftari mbele yake, na kando yake ukurasa wa mzee. Nikasema yote bila kupumua: nne, arobaini na nne, jibu, CD, mwalimu wa Magadi, faili niliyoirekebisha kimya.

Akasoma huku, akasoma kule. Nilianza kufunga begi langu kichwani.

"Lini ulijua?"

"Mwezi wa saba."

"Na umerekebisha faili."

"Ndiyo."

"Umeandika?"

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utajua mimi ni wa aina gani."

Akavua miwani. "Wewe ni wa aina ya kuona ukurasa umepotea. Ndiyo nilikuchukua. Halafu ukajaza mwenyewe kilichokuwa ndani." Hakuwa amepandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Kusahihisha si shida, kila mtu anasahihisha. Lakini kama mkono wako ungekuwa umeandikwa, huyu mama angeona mtu amegusa hapa. Angejua pa kuuliza. Badala yake amejiuliza yeye." Akagonga yale maandishi ya penseli kwa kidole. "Faili umerekebisha. Na hii daftari utairekebisha na kitufe gani?"

Sikuwa na kitufe.

"Kesho asubuhi utawaambia."

"Wote?"

"Wale waliopata CD ni wangapi?"

"Wote."

"Basi."

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa nikiwa nimeandika hotuba kwenye karatasi, nimeifanyia masahihisho mara saba. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaiacha. Nikachora tu alama tisa ubaoni, nikaizungushia nne duara, nikasema, "Huyu mtoto mimi nilimfuta. Nilidhani ni kosa. Ninaomba msamaha."

Kisha nyuma mtu akaangua kicheko, na nilikijua ni cha nani.

"Kumbe!" mwalimu wa Magadi akasema. "Na sisi tumeosha miguu bure!"

"Wewe hata ulihitaji kuosha," mwenzake akamjibu, na darasa likavunjika kwa kicheko.

"Ngoja, ngoja." Akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu. "Walimu, sisi tulipokosa hiyo sababu, hatukulala. Tulitafuta yetu. Sikilizeni. Kuna boma tisa. Boma nane, kila moja ina mbuzi kumi. Boma ya tisa ni ya tajiri, iko na mia tatu na sabini."

"Ni mwiko kuhesabu mbuzi za watu!" mzee mmoja akamtania kutoka dirishani.

"Hizi ni za karatasi, mzee, haziwezi kufa. Sasa anakuja mtu wa serikali. Anajumlisha, mia nne na hamsini. Anagawa kwa tisa. Anaandika: hapa kila boma iko na mbuzi hamsini, hawahitaji msaada. Je, wale nane?"

"Watamcheka," darasa likajibu.

"Watamcheka wakilala njaa. Lakini angewapanga kwa mstari na kumwuliza yule wa katikati, angeambiwa kumi." Akapangusa mikono. "Hiyo ndiyo sababu tuliweka. Tulidhani tumebuni uongo."

Nilimtazama yule mwalimu wa Oltepesi. Alikuwa ameinama juu ya daftari. Alipiga mstari mmoja juu ya arobaini na nne, akaandika nne juu yake, kisha akafuta penseli yake ya pembeni kwa kifutio, taratibu, mstari wa kwanza, kisha wa pili.

Mratibu alikuwa mlangoni. "Umesikia?" akaniambia. "Ukurasa wa thelathini na moja umepatikana. Kauchape."

Niliuchapa mchana huo, mwalimu wa Magadi akiwa amekaa kando yangu kunisimamia, akinikataza kuzipunguza mbuzi za tajiri. Tulipofika ukurasa wa mikono aliandika wake na wa kikundi chake chote. Kisha ikawa zamu yangu. Safu ya kwanza niliijaza. Kwenye safu ya kazi nikakwama. Juu yangu kulikuwa na mhadhiri, na mwalimu, na mwalimu.

"Niandike nini hapa?" nikamwuliza mratibu. "Sina chochote."

"Unachapa?"

"Ndiyo."

"Si uandike mchapaji."

Nikaandika: mchapaji. Nilidhani 4 ni kosa, nikaandika 44, nikabadilisha na jibu. Halikuwa kosa. Nimerudisha.

Ilikuwa sentensi mbaya, fupi fupi, na sikuigusa tena.

Mwalimu wa Magadi aliisoma, akainuka. "Sasa umepokea mbuzi kutoka kwangu," akasema. "Kwetu mtu akikupa mbuzi, hamuitani tena kwa jina. Yeye anakuita pakine, na wewe unamwita pakine. Ingekuwa ng'ombe, ingekuwa pakiteng, lakini hatujafika huko."

"Lakini mbuzi wenyewe ni wa karatasi."

"Si umewaweka kwa ghala? Hao hawataisha." Akachukua fomu zake. "Haya, pakine."

"Haya, pakine," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza.

Jioni mratibu alifunga ofisi. Hakuzungumzia majaribio yangu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Kwenye lango alisema tu, "Kesho kuja saa mbili, kuna masomo ya jiografia hayajakatwa." Nilikaa naye miaka minne. Mtihani wenyewe, kwa taarifa tu, haukuuliza hata swali moja juu ya nambari ya katikati, na walimu walininung'unikia kwa hilo pia.

Kituo baadaye kilifungwa, masomo yake yakahamishiwa kwenye mtambo mkubwa wa chuo ambako yeyote mwenye intaneti angeweza kuyapata, na mratibu akarudi Machakos kwa migomba yake. Mimi nilirudi Kitengela nikafungua saiba, duka la intaneti lenye kompyuta nne. Nyumbu walikuwa wamekwisha, palikuwa na nyaya na magorofa. Siku moja akaingia msichana anayesomea uuguzi, na flashi shingoni kama kidani.

"Siste, nitolee hii yote. Lakini ukurasa wa mwisho wacha, ni watu tu."

Nikafungua. Somo la wastani. Chuo kingine, nembo nyingine. Mbuzi walikuwa wamegeuka wagonjwa: wanane walisubiri daktari dakika kumi kumi, na wa tisa alisubiri dakika mia tatu na sabini. Hesabu ile ile. Nikashuka hadi mwisho. Ukurasa wa mikono ulikuwa umekuwa kurasa mbili. Watu wa miji ambayo sijafika. Na kule juu, chini ya mzee na chini ya pakine wangu, ulikuwa mstari wangu, neno kwa neno.

Ila jedwali lilikuwa limepinda. Mtu fulani safarini alikuwa amevuta safu ya tatu ikaingia ndani ya ile ya nne, na mistari ya chini haikuonana. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kipanya. Ingekuwa kazi ya sekunde mbili. Nikaanza kujiuliza kama ni koma.

Nikaondoa mkono.

"Hii ya mwisho nakutolea," nikamwambia. "Hiyo nakupa bure."

"Lakini haiko kwa mtihani."

"Najua."

Karatasi zikatoka moja moja, na ile ya mwisho ikiwa imepinda vile vile. Msichana aliichukua akaisoma huku akisubiri nimpe mteja mwingine chenji. Akacheka. "Ati alidhani nne ni kosa. Huyu naye!"

"Alikuwa mchapaji," nikasema.

Akaiweka chini ya zile nyingine, akazigonga mezani zikae sawa, akabana zote pamoja.